Mchanga Uliolambwa na Ng'ombe

Lori lilikuwa limebeba jeki za chuma, zile ndefu za kushikilia dari, na kila lilipopanda tuta zililia zote kwa pamoja kama sufuria zinazoporomoka kabatini. Dereva, Januarius, alikuwa amenichukua Maswa baada ya basi nililokuwa nikilingojea kutotokea. Nilimwambia naelekea Lamadi, kisha ziwani, kisha popote. Akasema yeye anaishia Bariadi, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kwamba kesho yake asubuhi sitakosa usafiri. Ilikuwa katikati ya Aprili. Pamba ilikuwa imeshafunga vitumba pande zote mbili za barabara, na maji ya mvua yalikuwa bado yamesimama mashambani.

Mji niliuingia bila kujua umeanzia wapi. Kwanza kituo cha mafuta, kisha maduka ya pembejeo yaliyopanga mabomba ya kunyunyizia dawa barazani, kisha baiskeli, baiskeli, baiskeli. Lori lilikunja kushoto, likapita geti, likasimama mbele ya majengo mawili yaliyoungana. La zamani lilikuwa la matofali na mabati, lenye vumbi jeupe la pamba lililoganda kila ukingo. Jipya lilikuwa la zege: nguzo sita nene zilizobeba sakafu ya juu, na juu ya sakafu hiyo mashine ya kushindilia pamba na kuifunga marobota. Lilijengwa mwaka 1998, nilikuja kuambiwa, na hapa bado linaitwa jipya.

Chini ya sakafu hiyo palikuwa na mtu aliyeegemeza sikio kwenye nguzo. Mkono wake wa kulia ulikuwa unagonga zege kwa nyundo ndogo, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Nguzo mbili za pembeni zilikuwa zimezungushiwa pamba chafu iliyoloa, ikafungwa kwa kamba za katani, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ncha zake.

"Mwadila," Januarius alisalimia.

"Mwadila," yule mtu alijibu bila kuondoa sikio. "Shusheni polepole. Hii hapa haipendi kelele."

Ndivyo nilivyomkuta Constantine Mboje, fundi wa zege, umri miaka hamsini, mwenyeji wa kijiji kimoja upande wa Dutwa. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Robo saa ya kwanza alinieleza jambo ambalo wengine hulificha hata kwa ndugu: kwamba kazi ile ndiyo ingemtoa juani. Msimamizi wa ufundi kiwandani, Injinia Judica, alikuwa amemwahidi kwamba nguzo sita zikikamilika kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, jina lake litapelekwa kwa wenye kiwanda ili aajiriwe moja kwa moja kuwa fundi wa majengo. Barua ya ajira, bima, likizo. Miaka ishirini na sita alikuwa akiishi kwa vibarua, na magoti yalikuwa yameanza kukataa ngazi.

"Mbili tayari," alisema. "Zimebaki nne. Wiki sita. Zinatosha."

Nilikuwa nimekusudia kulala siku moja. Nilipewa chumba nyuma ya ofisi ya mizani, na nikakaa.

Kutu kwenye zege nilikuwa nimeiona sehemu nyingi, karibu zote kando ya bahari: gati la Tanga, roshani za Aleksandria, nyumba za makuli huko Chittagong ambako nondo zilikuwa zimechomoza nje kama mbavu. Sikutarajia kuiona mamia ya kilomita kutoka pwani, katikati ya mashamba ya pamba. Lakini nyufa zilikuwa zile zile, zimesimama wima kufuata nondo zilizo ndani, na michirizi ya kahawia ikitoka humo kama chai iliyomwagika ukutani.

"Chuma kikiota kutu kinanenepa," Mboje alinieleza. "Kinataka nafasi. Zege halina nafasi ya kukipa, kwa hiyo linapasuka. Likishapasuka maji yanaingia, kutu inaongezeka, chuma kinazidi kunenepa. Watu wakiona ufa wanapiga plasta. Ni sawa na kumvalisha maiti suti."

"Na wewe unafanyaje?"

"Mimi namvua nguo kwanza."

Kazi yake ilikuwa ya polepole. Akishagonga na kusikia mahali zege linapojibu kwa sauti ya debe tupu, alizungushia pale mstari wa chaki. Kisha tindo. Alibomoa si mpaka kwenye nondo tu, bali mpaka vidole viweze kupita nyuma yake, kwa sababu, alisema, kutu hupenda kulala upande usioonekana. Nondo aliisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa. Iliyokuwa imeliwa sana aliiwekea mwenzake kando, akawafunga kwa waya. Akaosha, akapaka uji mzito wa saruji, kisha akashindilia mchanganyiko mkavu kwa tabaka, kila tabaka akilipiga kwa kipande cha ubao. Mwisho alizungushia takataka za pamba zinazobaki kwenye mashine, akazilowesha, na kwa siku saba hazikuruhusiwa kukauka. Mahali pengine nimeona magunia yakitumika. Hapa pamba taka hazina mwenyewe.

Kuzilowesha ilikuwa kazi ya Nyanjige, binti wa baba yake mkubwa, mwanamke wa miaka hamsini na mitano hivi, mrefu, mwenye sauti iliyovuka uwanja bila kutumia nguvu. Alikuja na ndoo kila saa.

"Mwandishi, usimsikilize sana huyu," aliniambia siku ya kwanza. "Huyu akiumwa kichwa anagonga ukuta. Ukuta ukilia, anasema ukuta ndio mgonjwa."

"Dada, mwaga maji uende."

"Naenda wapi? Nguzo zako zinanyonya kuliko mapacha."

Mboje alizaliwa wa nne katika nyumba ya pamba na ng'ombe. Alichunga mpaka alipoanza shule, akachunga tena jioni mpaka alipomaliza darasa la saba, kisha akaendelea kuchunga kwa sababu hapakuwa na jambo jingine. Mwaka 1998 alikuwa na miaka ishirini na nne na hajawahi kushika mwiko. Mwaka huo mkandarasi mmoja alikuja kuongeza jengo kwenye kiwanda, na vijana wa vijijini walikuja kuomba vibarua. Mboje alichimba mashimo ya nguzo zile zile anazozitengeneza sasa. Hili alilisema kwa fahari, akinionyesha chini kwa nyundo, kana kwamba mashimo bado yanaonekana.

Kilichomtoa kwenye kundi la wachimba mashimo ni mchanga. Mkandarasi alikuwa akiutoa mtoni, mbali, na mvua ilipokata njia malori yakakwama na kazi ikasimama. Aliuliza vibarua kama kuna mchanga karibu. Mboje alinyoosha mkono. Alijua ukingo mmoja wa korongo, mwendo wa saa moja kutoka pale, ambako mchanga ulikuwa mweupe, mkubwa wa punje, hauna tope. Walikwenda kuuangalia. Mkandarasi aliusugua viganjani, hakuona doa, akacheka kwa furaha. Matrekta yaliubeba kwa siku tisa. Nyanjige alikuwa miongoni mwa wanawake walioupakia kwa karai. Na kijana aliyeuonyesha aliambiwa aache sururu, aje asimame na mafundi, ajifunze.

"Kwa mchanga tu nikawa fundi," alisema.

Baadaye alikwenda Mwanza, akakaa miaka minne na kampuni iliyokuwa ikikarabati majengo ya viwanda karibu na ziwa. Huko ndiko alikojifunza kusikiliza zege. Alirudi, akaoa, akajenga vyoo vya shule, makalavati, misingi ya mashine za kukoboa. Hakuwahi kupata barua ya ajira.

Sababu ya nguzo kuharibika ilikuwa imeshakubaliwa kabla sijafika. Mfereji wa paa ulitoboka zamani, na maji yalishuka kwenye nguzo mbili za pembeni kwa miaka. Judica aliandika hivyo kwenye taarifa yake, mfereji ukabadilishwa, na Mboje akaanza na zile mbili. Kifusi chake kilitumika kuziba mashimo uwanjani. Siku yangu ya pili alianza nguzo ya tatu, ya ndani, ambayo haijawahi kuguswa na mvua. Alitegemea iwe nyepesi. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nguzo, zilikuwa zimekatika zenyewe. Aliziokota kama njiti.

"Hapa maji yalifikaje?" alijiuliza kwa sauti. Alibomoa mpaka saa kumi, na kwa kuwa mashimo ya uwanjani yalikuwa yamejaa, kifusi kilitupwa nje ya uzio, kando ya njia ya ng'ombe wanaokwenda kunywa lamboni.

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, kelele za mchungaji zilitufanya tutoke. Kundi la ng'ombe kama thelathini lilikuwa limesimama kwenye kifusi na halikutaka kusogea. Walikuwa wanalamba. Fahali mmoja alikuwa amepiga magoti ya mbele ili afikie vipande vya chini, na ndimi zilikuwa zinakwaruza zege kwa sauti niliyoisikia nikiwa mbali. Mchungaji aliwachapa. Walisogea hatua mbili, wakarudi.

"Mzee, mmetia nini humu?" aliuliza.

Mboje alisogea kwenye kifusi. Aliinama, akachukua kipande chenye ukubwa wa yai, akakiangalia pande zote, kisha akakilamba.

Nyanjige aliangua kicheko, ndoo ikiwa mkononi. "He! Konsta! Sasa na wewe unakwenda lamboni?"

Akaona uso wake, akaacha kucheka. Kisha Nyanjige naye akaitua ndoo, akaokota kipande, akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Ni ule wa korongoni," alisema.

"Ndiyo."

"Ule waliokuwa wakilamba ng'ombe wa baba."

"Ndiyo, dada. Nimesikia."

Mboje aliomba vikombe viwili vya plastiki. Alitwanga kipande cha kifusi, akachukua pia zege kutoka kwenye msingi wa jengo la zamani, akalitwanga vilevile. Kila unga akautia kwenye kikombe chake, akamimina maji safi, akauacha utulie. Tulionja sote watatu. Kikombe cha jengo la zamani kilikuwa na ladha ya chokaa. Cha pili kilikuwa na chumvi.

Chumvi ikiwa ndani ya zege haingoji maji ya mfereji. Inaanza kula chuma kutoka ndani, popote ilipo, na pale mchanga ulichanganywa kila mahali: nguzo sita, boriti, sakafu ya juu. Mboje alinieleza haya kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza kazi ya brashi. Hata nguzo mbili alizokwisha kuzimaliza hazikuwa zimepona. Kipande kipya cha mchanganyiko safi hufanya kutu ihamie kwa jirani yake, juu na chini ya kiraka, na huko hula haraka zaidi.

Nilimuuliza kwa nini waliuchagua mchanga wa mahali ng'ombe wanapolamba. Swali lilimshangaza.

"Ng'ombe halambi uchafu," alisema. "Sisi tulikua tukijua hivyo. Ng'ombe akipapenda mahali, udongo wa pale ni safi. Mama yangu alisiribia ghala kwa udongo ule ule, ukawa mgumu kama jiwe. Mkandarasi aliuliza mchanga safi. Mimi nilimpeleka kwenye mchanga safi kuliko yote niliyokuwa naijua."

"Na Mwanza hukufundishwa habari ya chumvi?"

"Nilifundishwa. Walisema chumvi ya baharini." Aliweka kikombe chini. "Bahari sijaiona. Nikajua hainihusu."

Siku ile hakufanya kazi tena. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa ameegemea nguzo ya nne, na akaeleza mambo yalivyo, nusu kwa Nyanjige, nusu kwa hewa. Nguzo zikizibwa vizuri zingesimama misimu mitatu, labda minne. Hakuna ambaye angejua. Injinia hakuwepo mwaka 1998. Alikuwa shule ya msingi huko kwao Machame. Mkandarasi alishafariki. Barua ya ajira ingetoka Juni. Lakini juu ya sakafu ile, mashine ikianza, husimama watu kumi na mmoja kila zamu, na kila robota lina uzito wa watu watatu, na mashine yenyewe hupiga sakafu mchana kutwa.

"Mimi niliupakia," Nyanjige alisema. "Useme na mimi."

"Wewe ulipakia ulichoonyeshwa."

"Basi utasema?"

"Unataka nisiseme?"

"Mimi nataka upate barua, Konsta. Na nataka wale watu kumi na mmoja washuke salama. Sasa wewe ndiye fundi, nipe njia inayotoa vyote viwili."

Hakuwa nayo. Alinyanyuka, akapangusa suruali, akachukua vile vikombe viwili, kimoja kila mkono, akavuka uwanja kuelekea ofisini. Aliniashiria nimfuate. Nadhani alitaka awepo mtu asiye wa kwao.

Injinia Judica alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na mitano, mwenye ofisi ndogo iliyojaa mikanda ya mashine. Alikuwa kwenye simu. Aliona vikombe, akamaliza simu haraka.

"Mzee Mboje. Nini hicho?"

"Nguzo, Injinia. Hiki cha kushoto ni cha jengo la zamani. Hiki ni cha jipya. Onja."

"Nionje zege?"

"Ng'ombe wameshaonja."

Alichovya kidole, akaonja cha kwanza, akaonja cha pili. Alirudia cha pili. Kisha akakaa.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye mchanga. Sio mfereji. Mchanga wa jengo lote una chumvi."

"Nani aliyeleta mchanga?"

"Mimi."

Judica alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kwake. Mboje alieleza yote, korongo, mafuriko, trekta, siku tisa, kwa mpangilio, bila kujitetea. Alipofika kwenye kusimamishwa na mafundi kwa ajili ya ule mchanga, hilo nalo alilisema.

"Kwa nini unaniambia, mzee wangu?" Judica aliuliza mwishowe. "Ungesema tu mchanga una chumvi. Ungesema yule mkandarasi aliuleta."

"Ungeniuliza aliutoa wapi. Ningekudanganya mara moja, halafu ningekudanganya mara ya pili ili ile ya kwanza isimame. Kichwa changu hakina nafasi."

Judica alikuwa mtu wa kazi. Alitoa karatasi, akaanza kuandika mambo kwa namba: mashine ya juu isiwashwe, jeki zote ziwekwe chini ya boriti mara moja, sampuli zipelekwe maabara Mwanza, marobota ya msimu huu yafungwe kwenye kiwanda kingine ikibidi. Alipiga simu tatu. Ya tatu ilikuwa kwa wakubwa, na nilisikia sauti ya mwanamume upande wa pili ikipanda. Judica aliisogeza simu mbali kidogo na sikio, akasema, "Ndiyo, ni yeye mwenyewe amesema," kisha akasikiliza kwa muda. Alipokata simu aliifunga kalamu yake.

"Italetwa kampuni," alisema. "Watakuwa na vifaa vya kutibu chumvi, kama inatibika. Kama haitibiki watabomoa." Alisita. "Jina lako siwezi kulipeleka, mzee. Sio sasa. Wamesema hawataki kuliona."

"Nimeelewa."

"Sio mimi."

"Injinia, nimeelewa. Naomba nizipange jeki mwenyewe. Wengine watazikaza mpaka zipandishe boriti, na boriti haitakiwi kupanda, inatakiwa kupumzika."

"Panga." Kisha akauliza, akiwa tayari ameinama kwenye karatasi yake: "Mchanga ule uliishia hapa?"

Mboje alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama. Nilimwona akihesabu, si kwa vidole, bali kwa macho, kama mtu anayepita barabarani akitazama nyumba moja moja.

"Kuna mnara," alisema.

Mwaka uliofuata, 1999, kijiji chao kilipata tenki la maji, na kamati ilimpa kijana wao, aliyetoka kujifunza kiwandani, ajenge mnara wa kulibeba. Nguzo nne, urefu wa mita sita. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Mchanga aliutoa pale pale korongoni. Alikuwa ameupaka mnara ule rangi mara mbili tangu wakati huo na hakuwahi kuugonga, kwa sababu haukuwa na ufa aliouona. Bomba liko chini ya tenki. Wanawake hupanga ndoo pale tangu alfajiri.

Alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji akiwa bado mlangoni, na simu yake ilikuwa ya sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia wote.

"Kristofa, mwangaluka."

"Mwangaluka gani saa tisa? Umeamka sasa?"

"Sikiliza. Mfunge bomba la tenki. Maji yaliyomo tenkini myatoe yote kwa mpira, na mtu asisimame chini ya mnara."

"Kwani umefanya nini mnara?"

"Mchanga wake una chumvi. Chuma kinaoza ndani."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Si wewe uliyeujenga?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Mwenyekiti alicheka, kicheko kirefu cha mtu anayempenda anayemcheka. "Mboje, mnara umesimama miaka ishirini na tano, umepigwa na upepo, nyuki wamekaa, wamehama. Leo uuangushe wewe kwa simu? Njoo unywe togwa. Na uwaambie hao wa kiwandani wakupe kofia, jua limekuingia."

Simu ilikatwa. Mboje aliiweka mfukoni.

"Hawatafunga," alisema. "Nisipokwenda hawatafunga."

Alipanga jeki jioni ile na asubuhi iliyofuata yote. Alikuwa na wanaume wanne wa kiwanda na akawakataza kufanya haraka. Chini ya kila jeki aliweka ubao mpana, juu yake ubao mwingine, akakaza kwa mkono mmoja tu, bila rungu, akigonga boriti kila mara na kusikiliza. Watu walikuwa wameshajua habari ile. Hakuna aliyemtania, na nilidhani hilo lilimuumiza zaidi, mpaka Nyanjige alipopita na ndoo yake na kusema kwa sauti ya uwanja mzima kwamba tangu leo akipika mchuzi hataweka chumvi, atamkaribisha fundi achovye kidole. Wanaume wanne waliangalia chini. Mboje alicheka kwanza, ndipo nao wakacheka.

Saa saba jeki ya mwisho ilisimama. Judica alikuja, akapita chini ya sakafu kutoka mwisho hadi mwisho, akagusa chache, akampa mkono.

Mizigo ya Mboje ilikuwa begi moja na mfuko wa saruji uliooshwa, ndani yake vifaa. Tulimsindikiza mpaka getini, mimi na Nyanjige. Basi linaloelekea Lamadi hupita Dutwa, na huko ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo. Begi langu lilikuwa tayari. Nilikuwa nimelitoa nje ya mlango wa chumba. Nilimwambia tunaweza kwenda pamoja, kwamba ningependa kuuona mnara.

Alifikiri kwa haki, kama alivyofikiri kila jambo.

"Wewe baki," alisema. "Pale nitawaambia wanawake wasichote maji niliyowajengea. Watanitukana, na wana haki. Mama yangu atakuwepo kwenye foleni. Mgeni akiwepo watanistahi, hawatanitukana, na wasiponitukana hawatasikia."

Nilimpa mkono.

"Ukifika," Nyanjige alimwambia, "usianze na mnara. Anza kumsalimia mama. Ukimpita ukaenda kugonga nguzo, atakugonga yeye."

"Nitaanza na bomba," Mboje alisema. "Nitalifunga, halafu ndiyo nimsalimie."

"Basi utakunywa nini?"

"Watanipa togwa. Kristofa ameshaniita."

Basi lilikuja likiwa na magodoro juu ya paa. Konda aliuliza kama tunapanda wangapi. Mboje alinyanyua kidole kimoja, akapanda, akapata kiti upande wa pili ambako hatukumwona. Nyanjige alisimama mpaka basi lilipochanganya gia, kisha akarudi ndani, mikono nyuma.

Mlinzi aliniuliza kama naingia au natoka, kwa sababu alitaka kufunga geti. Nikaingia.